Mgeni Akiugua Usiku, Abishe Hodi Wapi?

Ukitaka kumjua mgeni halisi wa magharibi mwa Kenya, usiende uwanja wa ndege wa Kisumu kumtafuta mzungu mwenye kofia ya jua. Nenda kwenye steji za mabasi Nairobi siku ya Ijumaa, saa mbili usiku. Wale waliojipanga na mabegi madogo, suti zikiwa zimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, wanakwenda kuzika. Wengine watashukia Siaya, wengine Vihiga, wengine Homa Bay au Busia. Watazika Jumamosi, Jumapili jioni watakuwa njiani kurudi. Ndani ya mabegi mna mchango wa kamati ya mazishi, mna soda za watoto, na mara nyingi hamna dawa za presha, kwa kuwa zilibaki juu ya friji Kayole.

Mgeni huyu anafika saa ileile ambayo huduma za afya zinafunga. Dispensari nyingi za serikali hufanya kazi saa za ofisi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Yaani mashambani kunajaa watu kuanzia Ijumaa usiku hadi Jumapili, na dispensari iko wazi siku ambazo wamesharudi Nairobi. Desemba hali ni hiyohiyo, tena kwa wiki tatu mfululizo.

Nilijifunza hili kwa njia isiyopendeza. Mwaka juzi tulimzika baba mdogo huko Seme, magharibi ya mji wa Kisumu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alitoka Nyeri kuja kutupa pole. Usiku wa mkesha, watu wakiwa wamezunguka moto wa magogo na moshi ukielekea upande wake kila alikohamia, pumu ikamshika. Kipulizio chake alikuwa nacho mfukoni, ila kilikuwa kimeisha bila yeye kujua. Kufikia saa sita usiku alikuwa hawezi kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi mara mbili. Tukamtia kwenye Probox ya jirani.

Dispensari iko karibu na boma letu, mwendo wa dakika chache. Tulikuta kufuli mlangoni na taa moja inawaka nje. Tukapiga honi, tukasubiri kidogo, tukaondoka mbio kuelekea mjini. Hospitali ya kwanza tuliyoingia, ya binafsi, karani alitaka amana kabla hajauliza jina la mgonjwa. Tukageuza gari. Ya pili, ya umma, afisa wa kliniki aliyekuwa zamu hakuuliza chochote. Alimkalisha shemeji kitini, akamfunga ile mashine ya mvuke, kisha ndipo akatafuta kalamu. Ilikuwa saa tisa kasorobo.

Asubuhi nikasimulia mkasa huo kwa vijana waliokuwa wakichimba kaburi. Mmoja akaacha jembe, akanitazama kama mtu asiyenielewa. "Mzee, kwani hamkubisha kwa sista, yule muuguzi? Si anakaa pale nyuma ya dispensari, ile nyumba yenye mahindi mbele. Sisi usiku humwamsha tu. Hizo mashine za mvuke hana, lakini sindano ya kufungua kifua anayo."

Maneno ya kijana huyo yamenikaa kichwani kuliko hata ile amana. Huduma ya usiku ilikuwepo. Ilikuwa nyuma ya mahindi. Mimi niliyezaliwa kijiji hicho sikuijua, kwa sababu nilihama miaka ishirini iliyopita na sista huyo alikuja baada yangu. Usiku ule, shemeji na mimi tulikuwa wageni sawasawa.

Hoja yangu ni hii: mpango wetu wa matibabu ya usiku umejengwa juu ya ujirani. Muuguzi anaishi kwenye nyumba ya serikali karibu na kazi yake, na wanakijiji wanajua dirisha la kugonga. Hakuna bango linalosema hivyo, hakuna malipo ya ziada anayolipwa kwa kuamshwa saa nane, wala hakuna daftari la zamu. Kuna kujuana. Ukiwa na watu wako hapo, mlango uko wazi. Ukiwa huna, unaona kufuli.

Na kujuana huku kumeingia hata kwenye majina. Mgeni akipanda boda usiku Kondele, mjini Kisumu, na kusema anataka hospitali kubwa, huenda akaambiwa, "Twende Russia." Wenyeji wanajua kwamba hiyo ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyojengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti miaka ya 1960. Lakini neno Russia halimo kwenye kibao cha barabarani wala kwenye risiti. Mgeni mwenye homa ya nyuzi 40 hana nguvu za kujifunza historia ya vita baridi.

Sheria zetu, kwa upande wake, hazina upungufu wa ukarimu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Inasema "mtu", bila kuuliza ni wa kata gani. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza makali: hospitali yenye uwezo wa kutoa matibabu ya dharura ikikataa, inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Inaeleza pia kwamba dharura inaanzia kabla ya mlango wa hospitali, na inahusu kumtuliza mgonjwa na kumpangia rufaa. Karani wa ile hospitali ya kwanza, kama aliwahi kuisikia sheria hiyo, aliisikia kama mtu anavyosikia hubiri la kanisa jirani.

Tatizo la kifungu kizuri namna hiyo ni kwamba kinakulinda ukishafika. Hakikuambii ufike wapi. Na maradhi mengi ya usiku huanza kama kitu kidogo ambacho hakijastahili kuitwa dharura: mtoto anatapika, mzee amekosa tembe za sukari siku mbili, homa imeanza baada ya chakula cha jioni. Kati ya "nitalala hivi, kesho nitaona" na ambulensi, mwenyeji ana ngazi nyingi za kukanyagia. Ana sista, ana kemisti anayemfahamu, ana mhudumu wa afya ya jamii, ana binamu aliyesomea uuguzi. Mgeni ana Google na boda.

Chukua hao wahudumu wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali ilizindua zaidi ya 100,000 nchi nzima, wakapewa mikoba ya vifaa na simu za kuandikia taarifa, kila mmoja akiangalia kaya kama 100. Ni jambo zuri na sina nia ya kulibeza. Lakini kipimo chake ni kaya. Mkata miwa wa msimu huko Muhoroni anayelala na wenzake sita chumba kimoja, fundi wa ujenzi aliyetoka Bungoma kujenga Kisumu kwa miezi minne, mvuvi anayehama ufuo mmoja hadi mwingine akifuata omena, mwanafunzi wa Maseno aliyepanga nje ya chuo: hawa wako kaya gani? Hata akija mhudumu mchana, wamekwenda kazini. Wanarudi usiku, na usiku ndio wanapougua, maana mtu wa kibarua haugui mchana. Mchana hana nafasi hiyo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika afya tumebaki na siku mbili za mwanzo tu. Mtu akishapewa jembe, hatujui tumwite nani. Waingereza walilifikiria hili zamani. Kwao, mtu anayekaa mahali kwa zaidi ya saa 24 na chini ya miezi mitatu anaweza kujiandikisha kwa daktari wa mtaa kama mkazi wa muda, bila kupoteza daktari wake wa nyumbani. Na kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa mbili asubuhi, pamoja na wikendi nzima, kuna namba moja ya simu, 111, ya yule ambaye hajafikia kiwango cha ambulensi. Wana malalamiko yao kuhusu foleni za simu, na nchi yenyewe ina pesa ambazo sisi hatuna. Ninachokionea wivu ni kitu cha bei rahisi kuliko pesa: wamempa mpita njia jina. Ana fungu lake kwenye karatasi.

Sisi tulipotunga Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, mgeni tuliyemkumbuka ni wa kigeni. Anayekuja kwa chini ya miezi 12 anatakiwa awe na bima ya safari. Sawa kwa mtalii. Lakini simama Busia asubuhi uwatazame akina mama wanaovuka mpaka kutoka Uganda na beseni la nyanya kichwani, warudi jioni, kisha uniambie nani kati yao atakuonyesha bima ya safari.

Kwa Mkenya, SHA, yaani mamlaka ya bima hiyo ya afya ya jamii, iliyoanza Oktoba 2024, ilileta jambo moja la maana kwa wasafiri. Usajili wako ni wa taifa zima, na kituo cha serikali cha ngazi ya pili (dispensari) au ya tatu (kituo cha afya) kinatakiwa kukuhudumia popote bila kukutoza, mradi umesajiliwa. Hapa sheria inamjua mpita njia bila hata kukusudia. Ila fedha hizo zimewekwa hasa kwenye ngazi ambazo zinafungwa jioni. Ikishafika saa mbili usiku, mlango uliobaki ni wa hospitali ya kaunti ndogo au ya kaunti, ambako malipo yana utaratibu mwingine na foleni ina sura nyingine. Kisha mfumo unahitaji mtandao ili kukuthibitisha, iwe kwa simu yako au kwa alama ya kidole. Mgonjwa aliyekuja na kanzu ya usiku, simu ikiwa imezima kwa sababu umeme ulipotea matangani, akakuta na mashine ya vidole haina mtandao, ana haki zake zote isipokuwa namna ya kuzionyesha.

Nirudi kwenye homa, kwa sababu kule kwetu homa ndiyo usiku wenyewe. Kaunti zinazozunguka Ziwa Victoria ni kitovu cha malaria cha nchi hii. Nyeri, Nairobi na sehemu kubwa ya Nakuru, iliyo juu ya mita 1,800, hazina mbu wa malaria kwa kiasi cha kutisha. Aliyekulia Rarieda ameumwa tangu utotoni hata mwili ukajifunza kustahimili kiasi. Mgeni wa milimani hana ustahimilivu huo. Na jambo ambalo watu wetu hawalipendi kulisikia: hata wewe Mjaluo uliyezaliwa Bondo, ukikaa Nairobi miaka kadhaa bila kuumwa, kinga yako inapungua. Unarudi nyumbani Desemba ukiwatania wakwe zako wa Kiambu kwa kujifunika neti, kumbe damu yako nayo ni ya mgeni.

Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba malaria ya falciparum isipotibiwa ndani ya saa 24 tangu dalili zianze inaweza kugeuka kali, hata kuua. Sasa hesabu kwa saa zetu za Kiswahili, ambazo kwa hili zinafaa kuliko saa za Wazungu. Homa imeanza saa kumi na mbili jioni. Usiku una saa 12. Mtu akisema "tutaona asubuhi", ameshatumia nusu ya muda wake akiwa amelala.

Anachofanya mgeni wengi wetu tunakijua. Anakwenda kwa kemisti iliyo wazi hadi saa nne usiku, anasema, "Nipe dawa ya malaria." Hakupimwa. Akipewa dozi nzima ya mtu mzima ni tembe 24, nne kwa mara sita ndani ya siku tatu, ya pili ikiwa saa nane baada ya ya kwanza. Akipungukiwa pesa atanunua nusu. Naye muuza dawa hana hakika kama ni malaria, nimonia au pombe ya jana. Simlaumu sana huyu wa kemisti. Kwa wageni wa magharibi mwa Kenya yeye ndiye daktari wa zamu, hajateuliwa na mtu na hajapewa kipimo. Ufaransa wana utaratibu wa kemisti za zamu: mtaa unajua usiku huu ni duka gani linafungua, kesho ni lipi, na zilizofungwa hubandika mlangoni jina la iliyo wazi. Karatasi moja na gundi. Kisumu na Nakuru zina kemisti za kutosha kufanya hivyo wiki ijayo, kaunti ikiitisha kikao kimoja na kuomba kila duka lenye zamu liwe na vipimo vya haraka vya malaria.

Kuna na upande wa pili wa homa hii ambao unanitia wasiwasi zaidi. Mbu akikuuma usiku wa mkesha, huugui siku hiyo. Vimelea huchukua siku saba au zaidi, mara nyingi kama wiki mbili, kabla ya kukuangusha. Kwa hiyo mgeni wa mazishi ya Ugenya anaugulia Naivasha, kwenye vyumba vya wafanyakazi wa mashamba ya maua, au Njoro, akiwa mwanafunzi wa Egerton. Huko mtoa huduma wa usiku anaona homa nyingi za mafua na chache za malaria. Kama hakuuliza, "Ulisafiri lini, na wapi?", na mgonjwa hakusema, usiku wa pili unapita. Swali hilo halina gharama yoyote. Lingechorwa ukutani kwenye kila chumba cha dharura kati ya Naivasha na Mau Summit.

Watu husema: wenyeji wenyewe hawana huduma ya kutosha, wewe unawadai wageni? Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na maafisa wa kliniki wakagoma kwa miezi, mwenyeji na mgeni wakakosa pamoja. Ni kweli. Ila nimeshasema mgeni huyu ni nani. Ni mtoto wa boma aliyerudi kuzika. Pia ipo sehemu moja ya afya ya umma ambayo ilishalitatua jambo hili, tena hapahapa kwetu, na ajabu ni kwamba hatuiigi.

Ni kliniki za HIV. Kaunti za ziwa ndizo zenye maambukizi ya juu zaidi nchini, na wagonjwa wake wengi ni wavuvi, madereva wa malori, wachuuzi, watu wasiotulia. Ilionekana mapema kwamba mvuvi akikosa dawa kwa kuwa amehamia ufuo mwingine, kazi yote imeharibika. Ikawekwa aina ya mgonjwa inayoitwa wa kupita: anaonyesha kadi yake, anapewa dawa za kumfikisha nyumbani, jina lake linabaki kwenye kituo chake cha awali. Hakuna anayemuuliza yeye ni wa ukoo gani. Basi kwa nini mama mwenye presha aliyesahau tembe Kayole aambiwe aanze upya, anunue daftari la shilingi ishirini la kuandikiwa na daktari, apange foleni ya wagonjwa wapya? Presha haijui kupita?

Hata hizo kliniki zina tundu lake la wikendi. Dawa za kuzuia HIV baada ya kubakwa au kuchomwa na sindano zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Msichana aliyedhulumiwa kwenye disko matanga, ile dansi ya mkesha wa mazishi, Ijumaa saa nne usiku, akisubiri kliniki ifunguliwe Jumatatu saa mbili asubuhi, ameshapoteza saa 58. Hospitali kubwa huwa na dawa hizo kwenye chumba cha dharura usiku na mchana. Yeye anajulia wapi? Nimehudhuria mazishi yasiyohesabika, na programu yake naijua kwa moyo: salamu za ukoo, za wafanyakazi wenza, za chama, kisha mwanasiasa mmoja baada ya mwingine hadi jua liwake utosini. Sijawahi kusikia msema chuma, yule mwongoza shughuli, akitumia nusu dakika kusema, "Wageni wetu, akiugua mtu usiku, kituo kilicho wazi ni hiki, dereva wa kumpeleka ni huyu, na ambulensi ya Msalaba Mwekundu mtapiga 1199."

Kudai kila dispensari ikeshe ni kudai hewa. Wauguzi hawatoshi, na kumwamsha mmoja kila usiku ni kumfukuza polepole. Kata moja, kituo kimoja cha ngazi ya tatu kilicho wazi usiku kucha, chenye wauguzi wawili na afisa wa kliniki wa zamu wanaolipwa kwa zamu hiyo, kingefanya kazi kuliko dispensari tano zenye milango inayotegemea huruma. Zile tano zibandike mlangoni, juu ya kufuli, kwa maandishi makubwa, jina la kile kilicho wazi na namba yake. Chifu ajue, boda wajue, gesti ziweke kwenye kila chumba pale zinapoweka nywila ya intaneti. Na mgeni asitake makuu: akikutana usiku na afisa wa kliniki badala ya daktari, ajue huyo amesomea miaka mitatu na kufanya mwaka wa mafunzo hospitalini, na ndiye anayezibeba zamu za nchi hii.

Shemeji ana kumbukumbu nzuri kuliko mimi. Kabla ya kurudi Nyeri aliomba namba ya yule dereva wa Probox, akaihifadhi kwenye simu kwa jina la "Hospitali Seme". Mwezi Novemba tulipata msiba mwingine bomani. Kabla hajakata tiketi akampigia dereva, akamuuliza kama yule sista wa nyuma ya mahindi bado yupo.

"Alihamishwa Agosti," dereva akamjibu.

"Na huyu mpya anakaa wapi?"

"Huyo bado hatujamjua."